Msafara wa Mezani Kwetu

Mwaka baba alipovunjika mguu, mimi nilikuwa nimemaliza shule na ninasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Tulikaa Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, katika nyumba ambayo baba aliijenga mwenyewe. Alikuwa fundi seremala. Siku hiyo alikuwa juu ya kenchi za paa la darasa lililokuwa likijengwa kwa kujitolea, watu wakiimba chini huku wakipokezana matofali, akakanyaga mbao ambayo haijapigiliwa. Alianguka na mbao yake. Hospitali wakamfunga hogo, plasta ngumu kutoka kwenye unyayo hadi juu ya goti, wakamrudisha nyumbani, wakamwambia atulie.

Kutulia hakukuwemo katika tabia yake. Tulimwekea kitanda cha kamba sebuleni, karibu na meza ya kulia chakula, ili awe karibu na watu. Wiki za mwanzo zikawa ngumu kwetu kuliko kwake. Alilalamikia kila kitu: chai haikuwa na sukari ya kutosha, kana kwamba sisi ndio tuliofanya sukari iadimike madukani. Mlango ulilia, na yeye hakuweza kuinuka autie mafuta. Mama alimsikiliza na kuendelea na kazi zake. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza atajibu, usipomwuliza mtashinda kutwa nzima na hujasikia sauti yake.

Mkabala na kwetu palikuwa na duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na binti yake alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukicheza rede barabarani. Kiswahili chake kilikuwa kile kile changu, na Kinyamwezi alinishinda, kwa sababu aliwauzia kaniki akina mama waliotoka vijijini. Alipoona hali ya baba, akawa anakuja baada ya alasiri na mchezo wa kwao unaoitwa pachisi. Ni kitambaa chenye umbo la msalaba, kimetariziwa vyumba vyumba, na badala ya dadu mnarusha simbi, yale magamba meupe ya kutoka baharini. Unahesabu zilizoangukia mgongo na kuacha midomo juu, kisha unasogeza kete yako.

Baba alicheza siku chache, akachoka.

“Mchezo gani huu?” akasema. “Mtu anazunguka, anazunguka, halafu anarudi pale pale alipotoka. Babu yangu alitoka hapa Tabora na mzigo begani akaenda mpaka pwani. Hakuzunguka.”

“Basi tupeleke wewe, baba,” rafiki yangu akamjibu.

Alisema kwa utani tu. Lakini baba akakitazama kile kitambaa, akakinyoosha mikunjo kwa kiganja. Akaweka kidole kwenye ncha moja ya msalaba akasema hapa ni Tabora. Kule mwisho kabisa, ncha ya pili, ni pwani. Katikati ni nchi ambayo hakuna anayeijua isipokuwa yeye. Kisha akatutaka kila mmoja aseme yeye ni nani katika msafara huu.

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyoanza, nasi tukauita Msafara. Baba alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele na kuijua njia. Kazi yake ilikuwa kutueleza tulichokiona, na yetu ilikuwa kusema tunafanya nini. Pale ambapo jambo lingeweza kwenda huku au kule, tulirusha simbi: midomo mingi ikitazama juu, umefaulu. Mimi nilijifanya mganga mwenye mkoba wa mizizi na uongo mwingi. Rafiki yangu akawa mpagazi mwenye nguvu kuliko wote, mwanamume wa miraba minne, naye alikuwa msichana mwembamba ambaye mama yake alimkataza hata kubeba ndoo.

Mama alikuwa pembeni akipepeta mchele. Mara akasema, bila kuinua uso, “Mnyapara hamna. Msafara bila mnyapara, wapagazi watatoroka na mizigo.”

Baba akamwambia basi awe yeye. Mama akauweka ungo chini, akavuta kigoda.

Sijui nieleze vipi jinsi mama alivyokuwa akiwa mnyapara. Sauti yake ilishuka na kupanuka. Alipanga zamu za ulinzi, alimkaripia mpagazi aliyechelewa kuamka. Tulipofika katika mji wa watu wasio na vivuli, ambao walitaka kununua vivuli vyetu kwa pembe za ndovu, alipatana nao bei mpaka tukauza kimoja tu, cha punda. Baba alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. Sikuwa nimewahi kumwona akimtazama mama namna ile, kama mgeni aliyemkuta njiani na kumpenda.

Nyika iliyo kati yetu na Ugogo wazee waliiita Mgunda Mkali, kwa sababu ya kiu iliyowaua watu wengi. Baba aliyasikia hayo kwa babu yake, lakini yake mwenyewe yalikuwa mengi zaidi. Katika Mgunda Mkali wake, miti ya miyombo ilihama ukiipa kisogo. Palikuwa na fisi mwenye adabu aliyepiga hodi kambini kabla ya kuingia. Na katikati kabisa, baada ya safari ndefu bila maji, palikuwa na kisima kilichosema.

Siku tuliyofika kwenye kisima hicho naikumbuka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha, harufu ya udongo iliingia dirishani. Baba akatueleza kwamba maji yako karibu, yanang'aa, lakini kisima kinataka malipo. Kila anayekunywa atoe jambo moja analolikumbuka na kulipenda. Akishalitoa, limepotea, hatalikumbuka tena.

Rafiki yangu alitoa ladha ya peremende aliyokula siku ya kwanza ya shule. Mimi nikatoa siku ya kwanza niliyofaulu kufunga Ramadhani mpaka magharibi. Tukanywa. Baba akamgeukia mama.

“Mimi sinywi,” mama akasema.

Baba alidhani anafanya biashara kama kawaida yake. Akamkumbusha kwamba hakuna maji mengine mpaka ng'ambo ya nyika, na kwamba mnyapara atakufa kwa kiu. Mama akasema amelisikia hilo.

“Kwani unataka kukinyima jambo gani?” baba akamwuliza.

Mama alitazama mikono yake. “Siku mwanetu aliposimama akashika kinu,” akasema. “Akakiachia. Akanijia hatua zile, huku anacheka.”

Nilijua kwamba nilikuwa na kaka aliyefariki kabla sijazaliwa. Nilijua hivyo tu, kwa kuwa shangazi aliniambia. Nyumbani kwetu hakuwahi kutajwa, wala kwa jina wala kwa dua ya sauti. Niliogopa kuinua macho. Rafiki yangu alinishika mkono chini ya meza.

Baba alizikusanya simbi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kisima hicho amekiweka yeye, na amekosea, basi na tukiache, mbele kidogo tutakuta mto.

“Hapana,” mama akasema. “Usiniwekee mto. Kisima umeshakisema. Mimi nitapita na kiu yangu.”

Nasi tukapita naye. Hayo ndiyo yaliyonifunga na mchezo huu maisha yangu yote. Mama alikataa kurahisishiwa, kwa hiyo ikabidi tumsaidie kweli. Mpagazi wetu akaubeba mzigo wa mnyapara juu ya mzigo wake mwenyewe, akarusha simbi kuona kama mgongo utastahimili, ukastahimili. Mimi mganga nilichimba mizizi yenye maji nikamkamulia mdomoni. Safari moja nilichimba mzizi mbaya, akatapika. Ilituchukua siku kadhaa za kweli, jioni baada ya jioni, kumvusha mama katika nyika ya baba. Alipofika ng'ambo, rafiki yangu alilia waziwazi, na mama akamfuta machozi kwa upindo wa khanga.

Baada ya hapo marehemu kaka yangu akaanza kutajwa nyumbani. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu baba, akila, alisema kwamba kinu kile alikichonga kwa mti wa mninga na kilikuwa kizito mno kwa mtoto kukiangusha. Mama akasema ndiyo maana mtoto alikiamini. Wakaendelea kula. Nilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu waliompa.

Tulifika pwani wakati hogo limekwisha kuondolewa na baba anatembea kwa mkongojo. Tatizo ni kwamba yeye hakuwahi kuiona bahari, wala sisi. Alifika ukingoni mwa kitambaa, akakuna kichwa, akakiri kwamba hajui aeleze nini. Mnyapara akaamuru mizigo ishushwe, bei ipatanwe, msafara ugeuze kurudi Unyanyembe, kwetu Tabora. Hakuna aliyelalamika. Kurudi pia kulikuwa safari, na baba alikuwa tayari na mambo yake.

Baadaye maisha yalitutawanya kama yanavyofanya. Nyumba ya kupangisha ya akina rafiki yangu ilitaifishwa, baba yake akafunga duka wakahamia Mwanza kwa ndugu zao. Tuliagana stesheni. Aliniachia simbi nusu, nusu akaondoka nazo, akasema huko nako atatafuta wa kwenda nao. Mimi nilimaliza ualimu nikapangiwa shule ya kijiji kipya cha Ujamaa, mwendo wa baiskeli kutoka Bukene.

Watu wa kijiji hicho walikuwa wamehamishwa kutoka huku na huku, nyumba zimepangwa kwa mistari, na majirani bado hawajajuana vizuri. Upweke wangu ulikuwa mkubwa. Nikawafundisha Msafara walimu wenzangu wawili, na Jumamosi mchana tukacheza barazani kwangu, mimi nikiwa kirangozi. Kwa sababu ya simbi, habari zikaenea kwamba mwalimu mpya anapiga ramli.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuhakikisha. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya mikutano. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Aliuliza kama ni ramli. Nikamwambia ni mchezo. Akauliza kama ni kamari. Nikamweleza kwamba hakuna anayeshinda wala kushindwa, tunasafiri tu. Akaokota simbi moja, akaigeuza.

“Mchezo usio na mshindi, mwalimu, unaisha vipi?”

Nilimjibu kwamba wetu ulikuwa bado haujaisha, nikamkaribisha achague awe nani. Kwa heshima yake nilitarajia aseme mnyapara. Akasema atakuwa mpagazi wa kawaida, asiye na cheo.

Tulikuwa kambini kando ya mto. Alikuwa mchezaji mzuri, makini, akiuliza upepo unatoka wapi na wamelala wapi wengine. Ilipofika asubuhi ya mchezo, nikasema kirangozi amepiga ngoma, mizigo inyanyuliwe, tunahama.

“Mpagazi huyu hahami,” mwenyekiti akasema.

Walimu wenzangu walitazamana. Huyu ndiye aliyesimama na karatasi ya serikali siku malori yalipokuja kuwachukua watu na vyombo vyao. Nikamwuliza mpagazi atafanya nini basi.

“Atabaki hapa. Amechoka. Pana maji, na udongo huu mweusi si mbaya kwa maharage.”

Sikumrushia simbi, maana hapakuwa na shaka. Msafara ukaondoka ukamwacha kando ya mto wake. Nilidhani hatarudi, kwamba alikuja kutimiza wajibu na sasa ameridhika kuwa hatupigi ramli.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya wenzangu, akakaa mahali pale pale, akavua kofia akaiweka gotini.

“Mpagazi wangu,” akaniuliza, “maharage yake yameota?”

Nikamwambia yameota, lakini kuna nguruwe wanaokuja. Akasogeza kigoda karibu na meza, akaanza kunieleza jinsi atakavyojenga uzio.