Mke Wangu Aliacha Kuniita Muongo

Mke wangu aliacha kuniita muongo siku soko lilipolipuliwa.

Mnaonifuata hapa mnanijua. Fundi lifti mstaafu, mpiga chuku aliyebobea. Msilolijua ni kwamba chuku zangu zote zina msimamizi.

Nikisema niliwahi kukwama kwenye lifti na ng'ombe, sauti inatoka jikoni: "Muongo. Alikuwa mbuzi. Na hamkukwama, ulisahau kubonyeza."

Ndoa yetu yote iko hivyo. Mimi natia chumvi, yeye anapunguza.

Asubuhi ile walikwenda sokoni wawili, yeye na mke wa fundi bomba wa mlango wa pili. Kuna watu walikuwa wametega bomu upande wa mboga.

Akarudi mmoja.

Wangu hakuwa na jeraha. Vumbi tu, mpaka ndani ya masikio. Nikamwosha kichwa. Hakusema kitu. Kesho yake hakusema kitu. Muuguzi wa ghorofa ya juu akampima, akasema masikio ni mazima, tumpe muda.

Jengo zima likafa ganzi. Lifti ilikuwa inafanya kazi, lakini watu walipanda ngazi, pole pole, kama wamebeba magunia. Hakuna aliyelia kwa sauti. Tulizika, tukarudi, tukafua nguo.

Jioni moja dereva wa gari la taka akabisha hodi na sufuria la maharage.

"Mzee, nikila peke yangu hakipiti."

Akakaa. Mshona nguo akaja na kiti chake mwenyewe. Muuguzi akaja na sare ya kazi. Fundi bomba tulikwenda kumchukua kwake, akawekwa kwenye kochi pembeni ya mke wangu, maana wote wawili hawakutaka kuongeleshwa.

Ikawa hivyo kila jioni. Tunakula, tunaangalia ukuta.

Mshona nguo ndiye aliyenifuata jikoni. "Babu, si huwa havumilii uongo wako? Mchokoze basi."

Nikamchokoza. Nikasema ng'ombe wa kwenye lifti walikuwa wawili.

Kimya.

Nikasema mmoja aliniuliza nashukia ghorofa ya ngapi.

Kimya.

Wenzangu wakaingia kazini. Dereva akaapa amewahi kuokota kinanda jalalani, kinajipiga chenyewe. Muuguzi, mtu asiyeweza kudanganya hata umri wake, akasema aliwahi kumdunga sindano mgonjwa, akalala daktari.

Wote tunamwangalia yeye. Yeye anaangalia sahani.

Fundi bomba alicheka kidogo, halafu akaona aibu. Akaweka kijiko chini.

"Mzee. Ulisema uliongea na waokoaji. Mke wangu aliteseka?"

Swali hilo nilishamjibu mazikoni, na jengo zima lilishalirudia jibu langu. Ukweli ni kwamba sikuongea na mwokoaji yeyote. Nikamjibu tena, kwa sauti ileile ya ng'ombe.

"Papo hapo, mwanangu. Hakusikia chochote."

"Muongo."

Kijiko cha dereva kikabaki hewani.

Mke wangu alikuwa bado anaangalia sahani. Sauti ilitoka kavu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Hakufa papo hapo. Tulikuwa chini ya meza ya kabichi. Nimemshika mkono. Akasema usiniachie. Tukaongea. Alikuwa anakusema wewe, eti bomba la jikoni linavuja na mume ni fundi."

Akasukuma sahani.

"Waokoaji wakanivuta miguu. Nikamwachia."

Nilitamani kumziba mdomo. Yaani siku zote nilimwombea aongee, na sasa naomba anyamaze. Fundi bomba alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti. Nikajua tumemfisha mke wake mara ya pili.

Akauliza, bila kuinuka, "Kwa hiyo alikuwa na mtu?"

"Alikuwa na mimi."

"Mimi nikifumba macho namwona yuko peke yake."

"Hakuwa peke yake, mwanangu."

Akainuka. Akautafuta mkono wa mke wangu juu ya kochi, akaushika.

"Mama, wewe ulivutwa. Hukumwachia."

Muuguzi akakusanya sahani.

Asubuhi nikasikia chuma kinagongwa upande wa pili wa ukuta. Fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki lake. Dereva amemshikia tochi.

Mnataka funzo? Mimi nilidhani aliyefiwa anapunguziwa uchungu kama ninavyoongeza ng'ombe. Kumbe sisi tulijipunguzia wenyewe, ili tuweze kumtazama usoni. Akikuuliza, mwambie unachokijua. Usipokijua, sema hujui. Halafu beba kiti chako, ukakae naye.

Kabla ya kuiweka hapa, nimemsomea mke wangu yote. Amesikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Muongo," akasema. "Ilikuwa meza ya karoti."