Foleni ya Makumbusho ya Wexcombe

Bi Thelma Cuddeford ndiye mlinzi wa makumbusho ya mji wetu: chumba kimoja chenye taya la nyangumi, vifungo vya makoti ya mabaharia waliozama, na shakwe aliyekaushwa vibaya hata anaonekana kushangaa. Wageni huja Wexcombe kutazama sili, wale wanyama wa baharini wenye sharubu, wakiota jua miambani, hula chipsi, hulowa, hurudi kwao. Kwa Bi Thelma hawaingii. Ndiyo maana halmashauri ilimtuma diwani, Bwana Pocock, Jumamosi ile. Asipokuta watu, chumba kifungwe, kiwe duka la aiskrimu.

Bi Thelma alisugua taya mpaka likanukia limau. Akaurudishia mlango kwa sababu ya upepo, akaketi nami, msaidizi wake, kwenye meza ya tiketi.

Mvua ikaanza. Mzee mmoja akajibanza kibarazani amalizie samaki wake. Mama mmoja, kuona mtu kasimama mlangoni, akasimama nyuma yake. Nyuma ya mama, mtu na mkewe. Sisi Waingereza tukiona mgongo wa mtu hatuulizi, tunaufuata. Mzee alipomaliza kula akageuka, akaona umati, akaamua kubaki. Nafasi ya kwanza haiachwi hivi hivi.

“Wanangoja nini?” Bi Thelma alinong’ona dirishani.

“Nenda ukawakaribishe.”

“Watu hawasukumwi, mwanangu! Wataingia wakiwa tayari.”

Huko nje kijana mmoja alijaribu kuchungulia mlangoni.

“We kaka! Sisi umetuona mawe?”

“Nauliza tu, humu kuna nini?”

“Utajua zamu yako ikifika. Mwisho ni kule!”

Akaenda, akimwomba radhi kila aliyempita.

Bwana Pocock akafika na mwavuli. Angeweza kuingia moja kwa moja, lakini diwani anayeruka foleni hachaguliwi tena. Akasimama mwisho, karibu na gati.

“Wanatoa nini, mama?”

“Sijui, mpenzi, ila lazima kitakuwa kizuri.”

Jioni Bi Thelma, macho mekundu, akageuza kibao cha kufunga. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa ameingia. Watu wakasema asante, wakatawanyika. Bwana Pocock akagonga kioo, kalowa chapachapa.

“Bi Thelma, hongera! Nitawaambia wenzangu, chumba hiki hakifungwi ng’o. Umati ule!”

“Basi karibu ndani ujionee, bwana diwani.”

Akarudi nyuma hatua moja, kama aliyetukanwa.

“Mimi? Na wote wale walionitangulia?”