Dada wa Anko Tin

Redio ikiwa katikati ya stesheni mbili hutoa mlio kama wa kitunguu kinachoanza kukaangika. Nilikuwa nimeusahau mlio huo mpaka juzi, nilipopita kwa fundi redio mmoja hapa Levolosi, akiwa anajaribu redio kuukuu ya mteja. Nikasimama. Kwa muda nilikuwa na miaka kumi, nimekaa uani kwetu, saa kumi na nusu jioni.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani alikuwa mkata vito kutoka Burma. Alikuja Arusha kufuata tanzanaiti, akakaa. Majirani waliijua nchi yake kwa jina la Bama tu, kwa kuwa babu zao kadhaa waliwahi kupelekwa kule na Mwingereza kupigana vita, na waliorudi walizungumzia zaidi mvua. Yeye alijitambulisha kwamba anaitwa U Tin. Mimi nikangoja amalizie jina. Baadaye alieleza kuwa kwao "U" ni kama mzee au mjomba, basi Mama akatuamuru tumwite Anko Tin, mambo yaishe.

Chumba chake kilinuka lakiri, ile nta ngumu aliyoiyeyusha kugandishia jiwe kwenye kijiti kabla ya kulisaga. Mashine yake ilivuma kutwa. Ikifika saa kumi na nusu aliizima, akafuta mikono, akawasha redio ya masafa mafupi. Idhaa aliyoitafuta ilitangaza kwa Kiburma kutoka nchi nyingine ya mbali, kwa sababu, alisema, redio za kwao zilisema yale tu ambayo wanajeshi walitaka yasemwe. Niligundua kwamba kila alipoanza kusoma mwanamke fulani, Anko aliinama hadi sikio likagusa spika. Nikamuuliza ni nani.

"Dada yangu," alisema. "Lakini redioni jina lingine."

"Kwa nini?"

"Mama yetu bado yuko kule. Wewe usiseme kwa mtu."

Nikaitikia. Sikuona mama anahusianaje na jina, ila siri yenyewe niliipenda. Darasani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na anko mwenye dada redioni. Mama alizoea kusema kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi niliamini anawasema watu wazima.

Wiki chache baadaye alikuja mgeni, mtu wa kwao Anko, mnunuzi wa mawe, amevaa shati lililonyooshwa vizuri. Alikuwa ameishi mjini kiasi cha kujua Kiswahili cha sokoni. Anko alikuwa ametoka. Mgeni alinipa biskuti, akakaa kwenye benchi nje ya dirisha, akaiona redio.

"Anko anasikiliza mpira?"

"Hapana, anamsikiliza dada yake," nilisema. "Anasoma habari."

"Ala! Dada yupi? Wasomaji wengi."

Nikamwigizia. Nilikuwa nimeshika jinsi yule mwanamke alivyofungua taarifa, pamoja na jina lile la redioni, maana nililisikia karibu kila siku. Mgeni alicheka, akanisifu kwa kuwa na sikio zuri, akaondoka bila kumngoja Anko.

Haukuisha mwezi, sauti ile ikakosekana. Anko alisikiliza taarifa nzima ikisomwa na mwanamume, na kesho yake vilevile. Siku ya nne alipigiwa simu, akazungumza akiwa ameelekea ukutani. Mama alimpelekea chai, akamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba mama yake amechukuliwa na askari, nao wamesema watamwachia siku binti yake atakaponyamaza.

"Pole sana, baba," Mama alisema.

Jioni ile Anko akaniita. Hakuonekana amekasirika.

"Kuna mtu aliuliza wewe habari ya dada?"

"Hapana, Anko."

Nilimtazama machoni kabisa, kwa kuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili alitufundisha kwamba msema kweli haangalii chini.

"Sawa. Mtu akiuliza tena, sema ni mtu tu, anasoma habari."

Mama yake aliachiwa. Dada hakusikika redioni tangu hapo. Anko aliendelea kukata mawe kwetu karibu mwaka mzima, mashine ikivuma hata saa kumi na nusu, kisha akahamia Thailand. Aliniaga kama alivyowaaga wengine.

Sijui kama ni yule mgeni. Huenda habari zilipita njia nyingine kabisa. Miaka michache iliyopita, wanajeshi walipotwaa serikali kule kwa mara nyingine, nilisoma kwenye simu juu ya watangazaji waliokimbia na wazazi waliokamatwa kwa ajili yao. Hapo ndipo maneno ya Anko yaliponirudia. Siku ile niliondoka mbele yake nikiwa nimefarijika, nikijua ameniamini. Neno "tena" nililisikia vizuri, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nikalihesabu kuwa kosa la lugha.

Halikuwa kosa. Alijua kwamba nimesema, na alijua kwamba nimemdanganya. Akaona anifundishe tu jibu la kutumia siku nyingine.