Kuruka Miguu ya Nkambo

Nilipokuwa mtoto katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Élisabethville, ungeweza kusamehewa kwa kuvunja chungu, hata kwa kusinzia wakati wa misa, lakini kuruka miguu ya mtu aliyekaa chini hakukuwa na msamaha mpaka urudie. Kama ulipita juu ya miguu yake ukielekea huku, ulipaswa kuiruka tena ukielekea ulikotoka, ukiacha pale pale ulichokichukua. Mtoto mwenzako usipomrudia, hatarefuka tena. Kwa mtu mzima ni vibaya zaidi, kwa sababu unaondoka na nguvu za kutembea kwake. Hakuna aliyetueleza nguvu hizo mtu anazibebea wapi. Tulijua tu kwamba ukisikia "Rudia!", unarudia, hata kama nyuma yako kuna nyoka.

Mimi sikurudia.

Nkambo, mama yake baba yangu, alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha, anachambua matembele. Mstari mzima wa nyumba zetu ulikuwa na robine moja tu ya maji, na mwenye kuchelewa alikuta foleni ya kumtia uzee. Nilikuwa na ndoo, nilikuwa nimechelewa, nikaona kuzunguka mkeka ni safari. Nikaruka.

"Majina!" akaita. Sote wawili tuliitwa Ngoie, na mtu wa jina lako hukumwita kwa jina, ulimwita majina. "Majina, unaniruka! Kuya, rudia!"

"Nakuya, nkambo!" nikajibu bila kugeuza kichwa. Niliporudi na maji mkeka ulikuwa umekunjwa, naye yuko ndani, na mimi nikasahau. Nilisahau kwa siku nne.

Siku ya tano baridi ya mwezi wa sita ilishuka, ile baridi yetu ya Katanga inayokausha midomo, na Nkambo hakuweza kusimama. Goti la kulia lilikuwa limevimba. La kushoto lilikuwa likilia kama mlango wenye kutu kila alipolikunja. Mama yangu alisema ni uzee na baridi. Baba alisema magoti hayo yalianza kumsumbua kabla mimi sijazaliwa. Wakubwa wote walisema hivyo, na walikuwa wakisema kweli, lakini mimi nilikuwa na ushahidi ambao wao hawakuwa nao.

Jambo lililokuwa likimchoma Nkambo zaidi ya maumivu yenyewe lilikuwa safari. Dada yake mkubwa alikuwa amebaki kijijini, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Bukama, na macho yake yalikuwa yamezimika. Alikuwa amemtuma katekista aandike barua: mdogo wangu, uje kunisalimu wakati masikio yangu bado yanakujua. Nauli haikuwa shida, kwa kuwa baba alifanya kazi relini. Shida ilikuwa magoti. Kwetu mdogo hamsalimu mkubwa akiwa amesimama. Anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, na anabaki chini mpaka aambiwe inuka. Nkambo wakati huo hata komunyo aliipokea amesimama, akiinamisha uso kwa haya.

"Nitaendaka namna gani?" alikuwa akimwambia mama. "Nitamusalimu dada yangu wima, kama polisi?"

Baba akampeleka dispansari juu ya baiskeli, akiisukuma, mimi nyuma nimebeba kigoda chake. Enfirmie, muuguzi wa pale, alikuwa mtu wa kwetu kaskazini, baba Kasongo, mwembamba, shati jeupe, viatu vya kung'aa unavyoweza kujitazama ndani yake. Aliyabonyeza magoti yote mawili kwa vidole gumba, akamkunja na kumnyoosha, akasikiliza ile milio.

"Mama, mu goti munalika," akasema. "Ile yenye inalika, miye sina dawa ya kuirudisha. Lakini nyama ya paja ikikuwa na nguvu, njo itabeba goti. Sasa nyama yako inalala. Unakaa sana juu ya kuumwa, na unaumwa sana juu ya kukaa."

Halafu akamwonyesha. Kaa chini, mgongo ukutani, mguu mmoja ukunje, mwingine unyooshe, uinue shibiri moja kutoka mkekani, ushikilie, ushushe polepole. Mara kumi, kisha mguu wa pili. Asubuhi na jioni.

Nkambo alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Miye niko musoda wa gwaride? Gimnastiki, na imvi hizi?"

Baba Kasongo alianza kueleza upya, Nkambo akaanza kufunga kitambaa chake ili aende zake, na hapo mimi nikalia. Nililia kwa sauti, nikasema yote: ndoo, robine, mkeka, na kwamba aliniita nami sikurudi. Baba yangu aliona aibu, akanivuta mkono. Enfirmie hakucheka. Mpaka leo namheshimu mtu huyo kwa kutocheka.

"Haukurudia kabisa?" akaniuliza.

"Hapana."

Akafikiri, akijikuna kidevu. "Basi sikia. Ile nguvu hairudi kama mguu iko inalala chini. Nkambo atainua mguu, atashikilia, weye njo utapita juu, kwenda kule ulitoka. Kumi mguu huu, kumi mguu ule. Kila siku." Kisha akamgeukia Nkambo, kwa sauti ya heshima. "Na weye mama, usipoinua, mutoto atarudisha kwa nani?"

Nkambo akanigeukia. Kamasi zilikuwa zimenifika mdomoni. "Bon," akasema, na hilo lilikuwa mojawapo ya maneno manne ya Kifaransa aliyoyajua. "Twende, majina."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi kabla ya shule, na tena jua likielekea kuzama, nilisimama upande mmoja wa mkeka, ule wa robine, nikingoja. Nkambo hakuamini hesabu, aliamini sala. Aliinua mguu akaanza Salamu Maria, akaushikilia juu mpaka jina la Yesu, hapo mimi nikapita, nikazunguka nyayo zake kurudi nilipoanzia, naye akaushusha polepole kwa nusu ya pili ya sala. Siku za kwanza paja lilitetemeka na sala ilikimbia mno. Nilimwambia Bikira Maria hawezi kusikia maneno ya mwendo huo. Akanirushia ganda la karanga. Magoti yalipovimba tulipunguza, kama alivyoagiza enfirmie, lakini hatukuacha.

Baada ya wiki chache baba Kasongo aliongeza mambo. Kwanza ainuke kitini bila kushika kitu, halafu kwenye kigoda kifupi, halafu kwenye kile cha jikoni kilichokuwa karibu sawa na ardhi. Kwenye kizingiti cha mlango akamfundisha kupanda na kushuka: "Kupanda, mguu muzuri mbele. Kushuka, ule mugonjwa mbele." Nkambo aliyarudia maneno hayo siku nzima kama katekisimu, na majirani wakaja kutazama mwanamke mzee akipanda na kushuka mlango wake mwenyewe bila kwenda popote. Kuna waliosema amerogwa. Kuna wawili walioleta magoti yao.

Mwezi wa tisa ulipofika, joto likarudi, na Jumapili moja Nkambo akapiga magoti kwenye komunyo. Akainuka mwenyewe. Nilimwona kutoka benchi la wasichana, nikajisikia mkubwa kuliko padri.

Jioni ile baba akasema, "Basi mama anaweza kusafiri kabla ya mvua."

Sijui kwa nini sikuwa nimelifikiria. Miezi mitatu nilimrudishia miguu yake, mara arobaini kwa siku, na sikujiuliza hata mara moja miguu hiyo ingempeleka wapi. Nilikuwa nimelala ubavuni mwake tangu nilipoachishwa ziwa. Harufu yake ya tumbaku ya kunusa na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, ilikuwa ndiyo harufu ya usingizi kwangu.

Siku tatu kabla ya treni nilimkuta mchana amelala mkekani kivulini, miguu ameinyoosha. Hakukuwa na mtu. Niliweka ndoo chini, nikapandisha gauni, nikavuka miguu yake polepole, mmoja halafu mwingine, kwa makusudi yote. Nikaenda zangu. Sikurudia.

Kisha nikangoja. Usiku nilimgusa magoti kuona kama yanavimba. Nilitamani yavimbe, na nilipotamani hivyo niliogopa, nikasali yasivimbe, na baada ya amina nikatamani tena. Hayakuvimba. Asubuhi tulifanya zoezi letu kama kawaida, lakini kila nilipopita nilielekea upande ule ule mbaya, wa kuchukua, nikidhani haoni.

Stesheni ilikuwa imejaa watu, kuku na magodoro. Nkambo alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, kitambaa kipya kichwani. Ngazi ya behewa ilikuwa juu sana. Niliitazama ngazi ile, nikamwona anaanguka, nikamwona amelala kati ya reli, na maneno yakanitoka.

"Nkambo, nilikuruka tena. Ulikuwa unalala. Nilikuruka juu usiende."

"Sikulalaka," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa macho, majina. Nilikuona na gauni yako mu mikono."

"Sasa juu ya nini haukuniita nirudie?"

Aliitazama treni, akatazama upande wa kambi yetu. "Hata miye," akasema, "nilitaka muntu anizuie kidogo."

Halafu akateremka kutoka kwenye sanduku, akakaa chini kabisa, pale pale katikati ya stesheni, akaegemea bati, akanyoosha miguu. Watu wakatuzunguka wakinung'unika. Mzungu wa treni akapuliza filimbi. Baba akasema, "Mama, wakati unaisha," naye hakumsikia. Aliinua mguu wa kulia.

"Salamu Maria," akaanza.

Ningeweza kukataa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilijua ningeweza kukataa. Alifika jina la Yesu, akanyamaza, mguu ukiwa juu, bila kutetemeka hata kidogo. Nikapita, upande wa kurudisha. Akainua wa kushoto. Nikapita.

Aliinuka kutoka ardhini bila mkono wa mtu. Kwenye ngazi ya behewa alisema kwa sauti, "Muzuri mbele," akapanda.

Barua ya katekista ilitufikia mvua zikiwa zimekolea. Baba alitusomea. Nkambo alitembea siku tatu badala ya mbili. Alipofika alipiga magoti mbele ya dada yake, akapiga makofi, na kipofu akamtambua kwa makofi tu, kabla hajasema neno. Alipoambiwa inuka, aliinuka mwenyewe. Mama alipiga kigelegele huku analia. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama upande mmoja wa mkeka uliokuwa mtupu. Nkambo hakurudi tena Élisabethville. Walibaki wawili kule, akawa macho ya dada yake, na habari za kifo chake mwenyewe zilitufikia matanga yamekwisha kuondolewa. Nimemkosa maisha yangu yote, na sioni haya kulisema.

Sasa nimempita umri. Nakaa Kampemba, kitongoji cha mji ule ule, kwa mjukuu wangu, na magoti yangu yana jina la Kifaransa, arthrose. Kijana wa hospitali alinifundisha mazoezi yangu: mgongo ukutani, mguu mmoja ukunje, mwingine uinue shibiri moja. Nilimwacha amalize, maana alikuwa akieleza kwa bidii. Yeye ananiambia ni nyama ya paja, na namwamini, kwa kuwa baba Kasongo alisema hivyo hivyo. Lakini sijui paja la Nkambo lingeamka lini kama kusingekuwa na mtoto wa yeye kumwinulia mguu.

Juzi asubuhi nilikuwa mkekani, miguu nimeinyoosha, wakati kitukuu changu, naye Ngoie, alipotoka ndani mbio na begi la shule. Akaniruka miguu yote miwili kwa mpigo mmoja.

"Eh, weye!" mama yake akapiga kelele kutoka jikoni. "Rudia! Unaruka nkambo!"

Mtoto akasimama kwenye mlango wa uzio, mguu mmoja nje, akanitazama. Nilikuwa macho, tena nilikuwa nimemwona akija.

"Muache," nikasema. "Aende masomo na ile nguvu."