Sayari Kubwa Iliyopita Kakuma

Mimi ndiye yule mwalimu wa fizikia wa Lodwar aliyegundua sayari kubwa kule Kakuma mwaka jana, 2012. Nawaomba mcheke polepole.

Shule moja ilinialika nionyeshe jinsi sayari za mbali zinavyogunduliwa. Sayari yenyewe huioni. Unaona tu nyota yake ikififia kila sayari inapopita mbele yake, na ikififia sana, ujue sayari ni kubwa. Kamati ya shule ikiridhika, tungeanzisha klabu ya nyota.

Nyota yangu ilikuwa balbu. Ng'ambo ya darasa niliweka kifaa cha kupima mwanga, kikawa kinachora mstari kwenye kompyuta. Wanafunzi walizungusha mpira wa siri mbele ya balbu, nami ningetaja ukubwa wake kwa kusoma mstari tu.

Sasa, mzee akiingia huwezi kumsalimia ukiwa umekaa. Kila alipofika mmoja wa kamati niliinuka, nikapita katikati ya darasa hadi mlangoni, nikampa mkono. "Ejok!" Kisha nikarudi kitini nikijiona profesa.

Mwishowe nikawageuzia kompyuta. "Hivi vishimo ni mpira wa tenisi." Makofi! "Lakini oneni haya mabonde! Mmenificha jitu. Sayari pana, imeshiba, haina haraka!"

Akiru, mwanafunzi aliyeshika mpira, akainua mkono. "Mwalimu, tulikuwa na mpira mmoja tu."

"Haiwezekani! Kifaa hakidanganyi."

"Hakijadanganya," akasema mzee mmoja, akilitazama tumbo langu kwa upole. "Hiyo kubwa imenisalimia pale mlangoni."