Maji Ambayo Mwavita Hakuyanywa

Watu wa Mururu, Rwanda, wanamjua Mwavita kama mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu anaowauza sokoni kila asubuhi. Wanajua pia kwamba mkono wake wa kushoto haukunjiki vizuri. Kwa nini, wachache ndio wanaojua, maana yeye si mtu wa kujisimulia.

Miaka sita iliyopita aliishi na mumewe Cubaka kijijini milimani, upande wa Kongo. Padri alifika huko mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote Mwavita ndiye aliyeongoza sala. Jumapili moja, katikati ya wimbo, wakaingia watu wenye bunduki. Mkubwa wao akatua ndoo ya maji ya dawa ya kiganga mbele ya altare. Kila mtu anywe, akasema, na aape kwamba tangu leo atategemea dawa hii, si Yezu.

Watu wakanywa. Nani angewalaumu? Ciza, mdogo wake Mwavita, naye alikunywa. Zamu ya Mwavita ilipofika, alishika kikombe, akakirudisha.

"Papa, haya maji siwezi kunywa. Nilishabatizwa."

"Unataka kufa?"

"Hapana, nataka kuishi. Lakini siwezi."

Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka mfupa wa mkono ukavunjika, wakamfunga kwenye mkaratusi nje, wakisema kiu itamfundisha. Waliokunywa walihesabiwa kuwa watu wao, wakaachwa watembee watakavyo. Alasiri mvua kubwa ikashuka, walinzi wakakimbilia kanisani. Ndipo Ciza akatambaa matopeni mpaka kwenye mti, akakata kamba kwa kisu cha kumenyea mihogo.

Ciza alibaki kijijini; Mwavita na Cubaka, aliyekuwa akimngoja kichakani, walitembea siku mbili hadi mpakani. Huku Mururu walipokewa na Mukamusoni, mjane aliyekulia Kongo kabla ya kurudi kwao Rwanda. Hakuuliza mengi. "Miye pia nilikuwa mgeni, Maman. Ingia, uji uko motoni." Kesho yake akampeleka Mwavita hospitali ya Mibirizi, akamshika mkono mzima wakati wanaunga ule uliovunjika.

Mwaka jana Ciza naye alivuka, akaja kukaa kwa dada yake. Lakini Jumapili ikifika alikuwa na kazi daima: mara maharage, mara nguo. Siku moja Mwavita akaketi karibu naye, wakachambua maharage pamoja.

"Dada, weye nenda tu," Ciza alisema bila kuinua macho. "Miye nilikunywa. Niliapa. Nitaingia kanisani na uso gani?"

Mwavita akaacha kuchambua.

"Unafikiri miye nilikuwa hodari? Pale kwenye mti nilikuwa ninalia tu, hata sala ilinipotea. Halafu nikakuona unatambaa. Wangekukamata na kile kisu, wangekuua, na ulijua. Petro alikana mara tatu, Ciza. Yezu alimtafuta, wakala samaki pamoja."

Ciza alilia mpaka maharage yakamwagika, na Mwavita akacheka, akaanza kuyaokota.

Jumapili iliyofuata walikwenda wote. Wakati wa shukrani Mwavita alisimama, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Akamshukuru Mungu kwa Mukamusoni na uji wake, kwa waliomtibu, kwa Cubaka. Kisha akasema: "Na kwa huyu mdogo wangu, aliyenifungua." Waumini wakapiga makofi. Ciza, kwenye benchi la nyuma, alijifunika uso kwa kitenge, lakini wimbo ulipoanza, sauti yake ilisikika.