Waliompigania Mama Stoo

Mama yangu mdogo yuko stoo ya vipuri tangu mimi nanyonya. Kampuni nzima humwita Mama Stoo, na wapo wanaodhani ndilo jina lake. Ukifika dirishani ukasema, "Nipe kale ka-nanii kanakokaa nyuma ya pampu," anageuka na kukuletea hako hako. Umri wa kustaafu ulishampita. Alichotaka ni kimoja tu: arudi nyumbani akae na dada yake, yaani mama yangu, kabla presha ya macho haijampofusha mama kabisa. Daktari alishatuambia wazi kwamba macho yale hayarudi, yanaisha kidogo kidogo.

Sasa bosi akatoka semina. Mungu atuepushe na mabosi wanaotoka semina. Akawakusanya watu uani, akatangaza kwamba akili mnemba itaingia kila idara: itaanza stoo, ikifaulu iende mauzo, halafu uhasibu, mpaka getini kwa mlinzi. Mama mdogo akaitwa ofisini. Akaambiwa akae na hiyo mashine, aifundishe yote anayoyajua. Siku wafanyakazi watakapoacha kumuuliza yeye na kuiuliza yenyewe, anakabidhi funguo na kupewa kiinua mgongo chake kamili. Akiondoka kabla ya hapo, hapati kitu. Akatia saini huku anacheka. Alinipigia simu hapo hapo, akasema nimwambie mama aanze kumtandikia kitanda.

Akaifundisha kwa moyo wote. Mtaalamu, dada mmoja mpole wa kampuni ya kompyuta, alikuwa akiandika na mama mdogo anasahihisha: hicho si cha trekta, ni cha jenereta; mteja akitaka "kidude cha kukaba," mpe klipu. Wenzake wakaibatiza mashine Bwana Mkwe, kwa kuwa inauliza sana na haibebi kitu. Lakini ilishika. Kuna siku ilimkumbusha mpira wa pampu ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusahau, na kwenye simu nilisikia alivyofurahi.

Hapo ndipo wenzake walipoamua kumwokoa.

Bwana Mkwe anaulizwa, anajibu vizuri, wao hao dirishani: "Mama, amechemsha, hebu tusaidie." Hajachemsha hata kidogo. Wengine walimwandikia upuuzi makusudi, "nipe kile cha juzi," ili ripoti anayopelekewa bosi isome kwamba ameshindwa. Mama mdogo aliwaambia kwa kinywa chake, "Jamani, mimi nataka kuondoka. Iulizeni hiyo." Unajua walisema nini? Masikini, Mama amelishwa maneno na ofisi.

Mkuu wa mauzo, kaka mwenye tumbo kubwa na huruma kubwa zaidi, alimnong'oneza, "Usiogope, Mama. Ukitoka wewe leo, kesho ni sisi. Hatukuachii." Alisema kweli, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutetea tonge la wanawe. Ila alikuwa akilitetea kwa mgongo wa mama mdogo.

Mama mdogo akajaribu kuwakatalia. Halafu mteja akawa amesimama juani, mashine yake ya kusaga imekufa, watu wanamsubiri. Roho ikamuuma, akampa anachotaka, na ripoti ikahesabu kwamba ameulizwa yeye.

Nyumbani mama aliuliza kila jioni kama mdogo wake ameshapanda basi. Mwisho nikachoka kudanganya, nikamfuata mwenyewe, maneno ya kumwambia bosi nimeyapanga njia nzima. Nikakuta stoo imejaa watu na soda zimefunguliwa. Bosi amesoma ripoti na kukata tamaa: mashine inasitishwa, na kwa maombi ya wafanyakazi wote Mama Stoo anaongezewa mkataba. Mkuu wa mauzo machozi yanamlenga. "Dada," akaniambia mimi, "mama yenu tumempigania kufa na kupona."

Pale ungemtukana nani? Mama mdogo kabanwa kati ya rafu na watu wanaompenda, anasema asante, asante wanangu.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama. Nikabonyeza itoe sauti kwa spika, maana kelele zilikuwa nyingi, nikampa mdogo wake.

"Dada, wamenichelewesha kidogo tu," mama mdogo alisema. "Nitakuja."

"Usijihangaishe, mdogo wangu," mama akasema, taratibu, kama anambembeleza mtoto. "Sasa hata ukija mwakani ni sawa. Sauti yako naijua."

Mama mdogo hakumuuliza haoni tangu lini. Alinirudishia simu bila kuikata, akafunika uso kwa mikono, na wenzake wakapiga makofi tena, wakidhani analia kwa furaha.